Fahamu: Watu wawili waliijazaje dunia?

Kaini, mwana wa Adamu, alimpata wapi mke? Katika makanisa ya Goma, kama kwingineko, swali hili halizeeki. Mwanzo 5:4 inajibu kwa ufupi: baada ya Sethi, Adamu alizaa wana, waume kwa wake. Wafafanuzi wengi husema basi Kaini alioa dada yake, au binti wa ndugu yake. Katazo la ndoa za ndugu, katika Walawi 18, lilikuja baadaye sana. Gharika ikarudisha hesabu kwa watu 8, na Mwanzo 10 inasema mataifa yote yalitokana na wana 3 wa Nuhu.

Patamu zaidi katika hesabu hizi ni Misri. Nyumba ya Yakobo iliingia na watu 70. Baada ya kutoka, Hesabu 1 inataja wanaume 603,550 wa miaka 20 na zaidi, bila Walawi. Tukikadiria jumla ya milioni 2, kwa miaka 430 ya Kutoka 12:40, ongezeko ni kama asilimia 2.4 kwa mwaka. Ni kubwa mno kwa zama zile, na wanahistoria wengi hawaikubali hesabu hiyo. Ila Kongo ya leo inakadiriwa kuzidi asilimia 3. Inakadiriwa tu, maana sensa yetu ya mwisho ni ya 1984. Musa alihesabu watu wake mara mbili ndani ya miaka 40, tena jangwani.