Mwenye duka aliyeuza kicheko hadi Marekani

Kabla ya kushika kamera, Jamie Uys alikuwa mwalimu wa hesabu mjini Boksburg, Afrika Kusini. Baadaye yeye na mkewe Hettie, naye mwalimu wa hesabu, walilima na kufungua maduka kando ya mto Palala. Filamu yake ya kwanza, Daar doer in die bosveld ya 1951, aliiandika, akaiongoza na kuigiza mwenyewe, tena pamoja na mkewe. Mwenye mtaji mdogo anauelewa mpango huo.

Hakuuacha. Katika Dirkie ya 1969, baba na mtoto wanaotafutana jangwani ni Uys na mwanawe wa kumzaa. Mwaka 1980 ikaja The Gods Must Be Crazy, ile ya chupa ya Coca-Cola inayodondoka kutoka kwenye ndege na kuzua ugomvi katika familia ya Wasan wa Kalahari. Aliiandika, akaiongoza, na ndani yake akaigiza mchungaji. Ile Land Rover inayoishia kuning'inia mtini inamchekesha hata dereva wa lori aliyekwama porini.

Kuiuza ndiko kulikokuwa na kazi. Mataifa mengi yalikuwa yakisusia bidhaa za Afrika Kusini kwa sababu ya ubaguzi wa rangi, hivyo filamu ikatambulishwa nje kuwa ya Botswana. Anayeulizwa cheti cha uasili wa bidhaa pale Namanga au Rusumo hahitaji maelezo zaidi. Ilipoingia Marekani mwaka 1984, watu walijaa kumbini. Wapo waliomlaumu Uys, na kwa haki: aliwaonyesha Wasan kama watu wasioijua dunia, wakati wengi wao Namibia walikuwa wamekwisha kupoteza ardhi ya mawindo na kutegemea unga.

Uso uliouza filamu ile ulikuwa wa N!xau, Msan wa Namibia. Malipo yake ya kwanza yanatajwa kuwa dola mia chache tu, naye hakuwa na mtu wa kumwambia thamani yake sokoni. Sehemu ya pili, iliyotoka 1989, ilimkuta ameshajua bei. Alidai fedha nyingi zaidi, akapata, akajenga nyumba ya matofali yenye umeme na maji.

Uys alifariki 1996. N!xau alirudi kwao kulima mahindi, maboga na maharage, akifuga na ng'ombe kidogo, hadi alipofariki 2003.