Mboni Nyeupe ya Mtoto: MRI Inamweleza Nini Daktari

Weupe katika mboni ya jicho la mtoto, ambao mara nyingi mzazi huuona kwanza kwenye picha iliyopigwa kwa flashi, huweza kuwa dalili ya retinoblastoma, saratani ya retina inayowapata zaidi watoto wa chini ya miaka 5. Si kila weupe ni saratani. Hata hivyo, hakuna weupe wa kusubiri: mtoto aonwe na daktari wa macho mapema.

Uvimbe wenyewe hutambuliwa kwa kuchungulia jicho, mtoto akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi, na kwa altrasaundi, ambayo huonyesha chembe za chokaa ndani yake. MRI hujibu swali jingine: ugonjwa umefika wapi? Njia inayohofiwa kuliko zote ni neva ya macho, kwa kuwa inaelekea ubongoni. Neva hii ina unene wa milimita chache tu, kwa hiyo picha za kawaida za kichwa hazitoshi. Zinahitajika picha za vipande vyembamba, visivyozidi milimita 2, na mara nyingi koili ndogo huwekwa karibu na jicho. Neva ikionekana imevimba, au imenyonya isivyo kawaida dawa ya gadolini iliyopitishwa mshipani, huenda madaktari wakatanguliza tibakemikali kabla ya kuliondoa jicho, ili kisu kisiache saratani nyuma.

Ubongo nao hupigwa picha, hasa tezi ya pineali, kwani mtoto aliyezaliwa na hitilafu ya jeni ya RB1 anaweza kupata uvimbe mwingine hapo. Hitilafu hiyohiyo ndiyo sababu ya kuepuka CT inapowezekana. CT huonyesha chokaa vizuri, lakini hutumia mionzi, na watoto hawa wana hatari kubwa zaidi ya kupata saratani nyingine baadaye. MRI hutumia sumaku na mawimbi ya redio.

Seli chache zilizopenya kwenye neva MRI haizioni. Hizo hutafutwa na mtaalamu wa patholojia kwa hadubini, baada ya jicho kuondolewa.

Mzazi atakayeingia na mtoto chumbani naye aulizwe maswali ya usalama. Fundi wa kuchomelea, au yeyote aliyewahi kurukiwa na kipande cha chuma jichoni, aseme kabla ya kuvuka mlango: sumaku inaweza kukisogeza chuma hicho na kuliharibu jicho lake.