Skizofrenia: Je, maradhi haya yamo katika damu ya ukoo?

Familia nyingi za Kasese na Bwera, magharibi mwa Uganda, hujiuliza maradhi ya akili yametoka upande gani wa ukoo. Sayansi ya vinasaba sasa ina majibu, na majibu hayo hayamtwishi lawama baba wala mama.

Kuanzia mji wa Kasese hadi soko la Mpondwe, jirani na Bwera, mahali Uganda inapopakana na Kongo, Kiswahili ni lugha ya wachuuzi, madereva na wakimbizi. Lugha hii ina maneno mengi ya kumtaja mtu aliyeugua akili: kichaa, wazimu, mwendawazimu. Yote yanamhukumu mgonjwa kabla ya kuyaeleza maradhi yake. Skizofrenia ni neno geni, lakini lina faida moja: linataja ugonjwa, si tabia ya mtu.

Mgonjwa wa skizofrenia huweza kusikia sauti zisizosikiwa na wengine, kushikilia imani zisizo na msingi, kwa mfano kwamba majirani wanapanga kumdhuru, kuzungumza maneno yasiyofuatana, au kujitenga na kupoteza hamu ya kazi na usafi. Aghalabu dalili huanza mwishoni mwa ujana au katika miaka ya ishirini. Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kuwa takriban watu milioni 23 wanaishi na maradhi haya ulimwenguni.

Kijana aliyekuwa akisoma vizuri anapobadilika ghafla, wazee huulizana: ni uchawi, ni laana, au ni damu ya akina mama yake? Jibu linalotolewa laweza kuvunja ndoa, kuzuia posa ya dada yake, au kumpeleka mgonjwa kwa mganga na kumfungia ndani kwa miezi kadhaa kabla hajaonana na daktari.

Si kama selimundu

Wakaazi wa safu ya Rwenzori si wageni wa maradhi ya kurithi. Mwaka 1949, watafiti Hermann Lehmann na Alan Raper walichapisha matokeo yaliyoonyesha kuwa miongoni mwa Baamba wa Bundibugyo, ng'ambo ya milima, hadi watu 45 katika kila 100 walikuwa wamebeba chembe ya selimundu.

Selimundu hutokana na badiliko la herufi moja tu katika jeni moja. Mtoto akiipokea jeni hiyo iliyobadilika kutoka kwa wazazi wote wawili, ataugua. Akiipokea kutoka kwa mmoja tu, ataibeba bila kuugua. Hesabu yake ni nyepesi, na kipimo cha damu hutoa jibu.

Skizofrenia haifuati njia hiyo. Hakuna jeni moja ya skizofrenia. Mwaka 2022, jarida la Nature lilichapisha utafiti uliolinganisha vinasaba vya wagonjwa 76,755 na vya watu 243,649 wasio na ugonjwa huo. Watafiti walibaini sehemu 287 za vinasaba vya binadamu zinazohusishwa na hatari ya kuugua. Kila moja huongeza hatari kwa kiasi kidogo mno, na kila mmoja wetu, mwenye afya au mgonjwa, amebeba baadhi yake.

Mabadiliko machache yenye nguvu

Yapo pia mabadiliko ya nadra yenye uzito mkubwa zaidi. Utafiti mwingine wa kimataifa uliochapishwa mwaka huohuo ulichunguza wagonjwa 24,248 na kubaini jeni 10 ambazo, zikiharibika, huongeza hatari kati ya mara 3 na mara 50. Miongoni mwazo ni SETD1A na GRIN2A. Hata hivyo, wagonjwa wanaobeba mabadiliko hayo ni wachache sana.

Mfano ulio wazi zaidi ni kukatika kwa kipande cha kromosomu ya 22. Hali hii humpata takriban mtoto mmoja kati ya 4,000 wanaozaliwa, na huweza kuambatana na kasoro za moyo au za kaakaa. Karibu mmoja kati ya wanne wenye hali hiyo hupatwa na skizofrenia au maradhi yanayofanana nayo anapokuwa mtu mzima.

La kuzingatia hapa ni kwamba mara nyingi wazazi wa mtoto huyo hawana kasoro hiyo kabisa. Badiliko huwa jipya, limetokea wakati mbegu ya baba au yai la mama lilipokuwa likiundwa. Kila mtoto duniani huzaliwa na makumi ya mabadiliko mapya ambayo wazazi wake hawakuwa nayo, na mengi hayana madhara. Kwa hiyo ugonjwa unaweza kuwa na chanzo katika vinasaba bila ya kuwa umerithiwa kutoka ukoo wowote.

Hii pia ndiyo sababu mabadiliko yenye nguvu hubaki nadra. Watu wenye skizofrenia kwa wastani hupata watoto wachache kuliko wengine, hivyo mabadiliko makali hayaenei vizazi hadi vizazi. Hutoweka, na mengine mapya hutokea.

Kinachoharibika ubongoni

Seli za ubongo hupashana habari kupitia nafasi ndogo mno iliyo kati yao. Ujumbe huvuka nafasi hiyo kama mizigo inavyovuka daraja la mto Lhubiriha pale Mpondwe: lazima kuwe na anayetuma, njia ya kupita, na anayepokea upande wa pili. Jeni nyingi zilizobainika huhusika na maungio hayo. GRIN2A, kwa mfano, hutoa maelekezo ya kutengeneza sehemu ya kipokezi cha glutamati, kemikali ambayo seli hutumia kupelekeana ujumbe.

Mwaka 2016, watafiti wa Marekani walionyesha kuwa jeni iitwayo C4, inayojulikana zaidi kwa kazi yake katika kinga ya mwili, inahusiana na hatari ya skizofrenia. Katika ubongo, jeni hii husaidia kupunguza maungio yasiyohitajika, kama mkulima anavyopogoa matawi ya mbuni. Upogoaji huo huendelea katika ujana. Ukizidi kiasi, huenda ukachangia ugonjwa, jambo linalosaidia kueleza kwa nini dalili huanza katika umri huo.

Afrika katika utafiti

Kwa miaka mingi, tafiti za vinasaba zilitegemea zaidi watu wenye asili ya Ulaya, ilhali watu wa Afrika ndio wenye vinasaba vya aina nyingi zaidi duniani. Matokeo yaliyopatikana Ulaya hayatabiri kwa usahihi uleule hatari ya mtu wa Afrika.

Hali hiyo inabadilika. Mwaka 2020, jarida la Science lilichapisha utafiti uliofanywa kwa Waxhosa wa Afrika Kusini, wagonjwa 909 na wasio wagonjwa 917. Wagonjwa walionekana kuwa na mabadiliko mengi zaidi ya nadra yenye madhara, hasa katika jeni zinazohusika na maungio ya seli za ubongo.

Mradi mkubwa zaidi, NeuroGAP-Psychosis, umekusanya sampuli za mate nchini Uganda, Kenya, Ethiopia na Afrika Kusini. Nchini Uganda, Chuo Kikuu cha Makerere kimeshiriki, na vituo vyake ni pamoja na hospitali ya taifa ya Butabika jijini Kampala na hospitali ya rufaa ya Mbarara. Kabla ya kutoa mate, mshiriki alipimwa kwanza kama ameelewa anachokubali.

Je, posa ikataliwe?

Mtu ambaye baba au mama yake ana skizofrenia ana uwezekano wa takriban mmoja kati ya kumi wa kuugua. Hatari hiyo ni kubwa kuliko ya watu wengine, lakini maana yake ni kwamba tisa kati ya kumi hawataugua. Na wagonjwa wengi hawana mzazi wala ndugu wa tumbo moja mwenye maradhi hayo.

Pacha wa kufanana hutoa ushahidi mwingine. Vinasaba vyao ni karibu sawa kabisa, lakini mmoja akiugua, mwenziwe huugua kwa kiwango cha kati ya theluthi moja na nusu tu. Mengine yanatokana na maisha: matatizo wakati wa kuzaliwa, lishe duni ya mama mjamzito, uvutaji wa bangi katika ujana, na mateso ya utotoni. Mpakani Mpondwe, ambako mwaka 2023 wanafunzi waliuawa shuleni na ambako familia zinazokimbia vita vya Kongo huingia mara kwa mara, hili la mwisho si jambo la kupuuzwa.

Hakuna kipimo cha vinasaba kinachoweza kumwambia mchumba kama watoto wake wataugua. Daktari hutambua skizofrenia kwa kumsikiliza mgonjwa na jamaa zake.

Tiba haingoji majibu ya maabara

Dawa zinazotumika, zikiwemo klopromazini na haloperidoli, hutuliza sauti na imani potofu kwa wagonjwa wengi bila ya kujua jeni ipi imebadilika. WHO inasema angalau mmoja kati ya watu watatu wenye skizofrenia anaweza kupona kabisa, lakini zaidi ya theluthi mbili ya watu wenye maradhi ya aina hii duniani hawapati huduma ya kitaalamu.

Kutoka Bwera hadi Butabika ni safari ya zaidi ya kilomita 300, lakini si lazima familia ianzie huko. Kituo cha afya kilicho karibu au hospitali ya Bwera inaweza kumpokea mgonjwa na, ikihitajika, kumpa rufaa ya kwenda Fort Portal. Mgonjwa aliyepata nafuu asiache dawa bila ya ushauri wa daktari, kwa kuwa dalili hurejea. Na jamaa wanaomsindikiza wasione haya kueleza kama yupo mwingine katika familia aliyewahi kuugua: habari hiyo humsaidia daktari.