Mnyororo wa Katapila na Udongo wa Pwani

Mkulima wa Ganze au Bamba atakaye kuchimbiwa lambo la kunyweshea mifugo yake, au kikundi cha wakulima wa Magarini watakao mtaro wa kulaza bomba la maji, siku hizi huanza kwa kuuliza bei ya saa moja ya katapila. Hiyo ni hesabu ngumu kwa mtu ambaye fedha zake zimetokana na mbuzi aliowauza sokoni. Saa ikipotea kwa kuwa mashine imezama topeni, au mnyororo wake umechomoka, hakuna wa kuirudisha. Na masika hayamngoji mtu. Kwa sababu hiyo yafaa mwenye kukodi mashine, na karani aandikaye mapatano ya kazi, wajue jinsi mnyororo ule unavyoendeshwa, kwa nini uliwekwa mahali pa magurudumu, na ni mambo gani yanayoumaliza upesi.

Neno katapila limeingia katika Kiswahili kama lilivyoingia neno baiskeli, na watu wengi hawakumbuki tena kuwa ni jina la kampuni moja ya Marekani. Kwa Kiingereza maana yake ni kiwavi, yule mdudu atambaaye juu ya jani la mchicha. Upande wa Tanzania watu husema tingatinga, nalo labda ni jina zuri zaidi, maana mtu akilitamka husikia ndani yake mlio wa mashine yenyewe.

GURUDUMU LILIVYOSHINDWA

Habari hii yaanza kwa udongo laini. Katika jimbo la Ohio, huko Marekani, palikuwa na kinamasi kikubwa kilichoitwa Great Black Swamp. Wakulima wa hapo hawakuweza kupata mavuno mpaka maji yatolewe shambani kwa mitaro iliyolazwa mabomba mafupi ya udongo wa kuchoma, na mitaro hiyo ilichimbwa kwa mikono. Katika miaka ya 1890 fundi mmoja wa huko, James B. Hill, alibuni mashine ya mvuke yenye gurudumu kubwa la kuchimba, lililozungukwa na ndoo zenye meno. Gurudumu likizunguka, kila ndoo huchota udongo chini na kuumwaga kando. Dereva alitazama alama zilizosimikwa mbele yake, akaliinua au kulishusha gurudumu ili chini ya mtaro pawe na mteremko sawasawa, kwa kuwa maji hayasamehe kosa la inchi moja. Mashine ya namna hiyo iliyotengenezwa mwaka 1902 mjini Findlay imehifadhiwa mpaka leo.

Lakini mashine iliyokuja kukausha kinamasi ilipaswa kwanza kusimama juu ya kinamasi. Chuma, tanuri na maji ya mvuke ni mzigo mzito, na gurudumu la duara hugusa ardhi kwa sehemu ndogo tu. Mafundi walijaribu kuyapanua magurudumu. Huko Stockton, California, ambako mashamba yalikuwa ya udongo mwepesi wa mabonde ya mto, Benjamin Holt aliyapanua magurudumu ya trekta lake la mvuke hata upana wa mashine ukapita futi 40. Mtu aweza kufikiri jinsi ilivyokuwa kazi kuigeuza mashine kama hiyo, au kuipitisha mlangoni mwa ua.

Ndipo Holt akaamua kuyaondoa magurudumu ya nyuma kabisa. Tarehe 24 Novemba 1904 alilijaribu trekta lililokanyaga minyororo miwili iliyofungwa vibao vya mti, nalo likapita mahali ambapo mengine yalizama. Si yeye peke yake aliyekuwa na shauri hilo. Sir George Cayley wa Uingereza alikuwa amelipatia hati ya ubunifu tangu mwaka 1825, ila wakati wake hapakuwa na injini ya kulifaa. Alvin Lombard wa jimbo la Maine alipata hati yake mwaka 1901 kwa mashine ya kukokota magogo juu ya theluji. Na katika miaka ile ile ya Holt, David Roberts wa kiwanda cha Hornsby mjini Grantham aliwaonyesha wakuu wa jeshi la Uingereza mashine za minyororo. Wakazitazama, wakazisifu, wasinunue za kutosha. Mwaka 1914 Hornsby waliuza haki zao kwa Holt. Miaka miwili haikupita vizuri ila jeshi lile lile lilikuwa likitafuta minyororo kwa haraka, na mnamo Septemba 1916 vifaru vya kwanza vilitambaa juu ya mahandaki ya Ufaransa.

RELI INAYOBEBWA

Wengi hudhani mnyororo wa katapila hufanya kazi kama mnyororo wa baiskeli. Meno na viungo vyafanana kweli, lakini kazi ni tofauti. Katika baiskeli mnyororo huzungusha gurudumu, na gurudumu ndilo liendalo juu ya ardhi. Katika katapila, sehemu ya mnyororo iliyo chini hailiendi jambo lolote: imelala kimya juu ya udongo kama reli. Mashine hujivuta juu yake kwa magurudumu madogo ya chuma, yaitwayo rola, kama behewa lipitavyo juu ya njia yake. Reli ikishapitwa, huinuliwa nyuma, hupelekwa mbele kwa juu, na kulazwa tena. Mashine, basi, hubeba njia yake yenyewe.

Faida yake yaonekana kwa hesabu ndogo. Tuseme mashine ina uzito wa kilo 10,000, na kila mnyororo hugusa ardhi kwa urefu wa mita 2 na upana wa nusu mita. Minyororo miwili itagusa mita 2 za mraba, yaani sentimita za mraba 20,000. Kila sentimita ya mraba hubeba nusu kilo tu. Mtu wa kilo 70 anapotembea, uzito wake wote huwa juu ya unyayo mmoja, ambao ni sentimita za mraba 175 hivi. Hiyo ni kilo 0.4 kwa kila sentimita. Kwa hiyo mashine ile yenye uzito wa ng'ombe 30 au zaidi hukanyaga udongo karibu sawa na mchungaji wao.

Nguvu huufikia mnyororo kwa njia ndefu. Katika mashine za zamani, injini huzungusha klachi kuu, kisha giaboksi, kisha gia inayogeuza mzunguko kuelekea kushoto na kulia. Kila upande una klachi yake na breki yake, na baada ya hapo kuna gia nyingine za kupunguza mwendo, ndipo nguvu ilifikie gurudumu la meno lililo nyuma. Meno hayo hushika viungo vya mnyororo na kuuvuta. Mbele kuna gurudumu lisilo na meno, ambalo kazi yake ni kuuongoza mnyororo na kuukaza, na nyuma yake pana springi nene sana. Jiwe likiingia kati ya meno na mnyororo, springi hujikunja, mnyororo ukalegea kidogo, jiwe likapita. Pasipo springi, kitu kimoja kati ya vitatu kingevunjika.

Dereva akitaka kugeuka kushoto huachia klachi ya kushoto na kukanyaga breki yake. Mnyororo wa kushoto husimama, wa kulia huendelea, na mashine huzunguka. Penye mteremko mkali, hata hivyo, dereva mgeni hushangazwa. Akiachia klachi ya kushoto bila ya breki, upande huo hauzuiliwi tena na injini, hukimbia kwa uzito wa mashine, na katapila hugeuka kulia. Wako madereva waliojifunza jambo hili ukingoni mwa korongo.

Mashine ya kuchimba mitaro ina shida ya peke yake. Ndoo zake zapaswa kuzunguka kwa haraka na nguvu, ilhali mashine nzima inatambaa futi chache tu kwa dakika. Ikienda upesi mno, ndoo hushiba na kukwama. Injini yaweza kuzunguka mara 1,500 kwa dakika moja, na gurudumu la meno likazunguka mara moja tu katika dakika hiyo. Ndiyo sababu gia ni nyingi. Wala dereva hawezi kugeuza ghafula ndoo zikiwa ndani ya ardhi, maana atalipinda jembe la mashine.

Mfano mkubwa kupita yote ulikuwa mashine iliyotakiwa na Winston Churchill mwishoni mwa mwaka 1939, ikatengenezwa Lincoln na kampuni ya Ruston-Bucyrus. Ilikuwa na urefu wa zaidi ya futi 77 na uzito wa tani 130 hivi, nayo ilikusudiwa kuchimba usiku handaki la kina cha futi 5 ambalo askari wangepita ndani yake kuelekea kwa adui. Iliwekwa injini mbili za nguvu za farasi 600 kila moja: moja kwa kuchimba, moja kwa minyororo. Ilichimba vizuri kabisa. Lakini ilikwenda nusu maili tu kwa saa na kugeuka kwa shida, na mwaka 1940 Ufaransa ilipoanguka kwa majuma machache, vita vya mahandaki vilikuwa vimepitwa. Mashine hizo ziliishia kuwa vyuma chakavu.

Afrika Mashariki nayo ina kumbukumbu yake. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianza Mpango wa Karanga, na kazi kubwa ikawa Kongwa, Tanganyika. Matrekta mengi ya minyororo yalinunuliwa katika mabaki ya vita, mengine yakitoka Ufilipino yakiwa yamechoka. Baadhi ya vifaru vya Sherman viligeuzwa kuwa matrekta, vikaitwa Shervick. Udongo wa Kongwa ulikuwa mkali kama msasa, na kiangazi uligeuka kuwa kama sementi. Vipuri havikutosha, na mafundi walikuwa wachache. Upungufu wa mvua na haraka ya wakubwa vilichangia pia, lakini nusu ya hadithi ile iliandikwa na vyuma vilivyolika. Mwaka 1951 mpango uliachwa, na pauni milioni 36 zikafutwa katika vitabu.

MATUMBAWE, MCHANGA NA TOPE

Pwani ya Kilifi na Malindi haina udongo wa namna moja. Karibu na bahari pana mwamba wa matumbawe uliofunikwa kwa udongo haba. Mzee aliyechimba kisima hapo kwa mtaimbo na sururu ajua jinsi ulivyo. Kwenye mwamba kama huo mnyororo hauzami, lakini vibao vyake vya chuma hupindwa na ncha za mawe, na mashine ikizungushwa papo kwa papo, rola na viungo huumia. Vibao vyembamba hufaa hapo kuliko vipana.

Kaskazini, kwenye vilima vya mchanga vya Mambrui, hatari ni nyingine. Mchanga huingia kati ya pini na bushi za mnyororo, na kila kiungo kinapokunjwa husaga chuma. Mchanga mkavu husaga polepole. Mchanga uliolowa ni mbaya zaidi, maana hushikamana kama ulezi uliosagwa. Kisha upo udongo wa kingo za Sabaki, mto ule ule uitwao Athi huko juu na Galana katika Tsavo, na tope la chumvi la Gongoni na Marereni ambako maji ya bahari huingizwa katika mabwawa ya kuanikia chumvi. Hapo bila minyororo mipana hakuna mashine iendayo. Lakini tope hujaa katika meno, hukauka usiku, na asubuhi mnyororo huwa umekazika kama kamba ya ngoma. Dereva akiiwasha mashine na kwenda bila ya kulikwangua, ajitafutia gharama. Chumvi nayo hula chuma hata mashine ikiwa imelala.

Mashine zilizo nyingi leo ni ekskaveta, ambazo kila mnyororo wake huzungushwa na mota yake kwa mafuta yaliyogandamizwa. Klachi za pembeni zimeondoka, lakini pini, bushi, rola na meno ni vile vile, na matunzo ya sehemu hizo za chini huweza kula karibu nusu ya gharama zote za kutengeneza mashine ya minyororo. Kwa hiyo mwenye kukodi atazame chini kabla ya kutazama rangi. Meno yaliyochongoka kama ya papa yameshakwisha. Mnyororo uliokazwa kabisa hujimaliza, na uliolegea mno huchomoka. Kwa mashine nyingi sehemu ya juu yapasa kulegea kidogo tu. Safari ndefu shambani ziwe za kwenda mbele, gurudumu la meno likiwa nyuma, kwa maana kwenda kinyumenyume huuvuta mnyororo wote wa juu na kuzila bushi upesi.

Jambo moja zaidi liandikwe katika mapatano. Katapila haitembei barabarani. Hubebwa juu ya lori la chini. Mpaka daraja la Kilifi lilipofunguliwa mwaka 1991, mzigo kama huo ukitoka Mombasa kwa njia ya pwani ulingojea kivuko. Kivuko hakipo tena, lakini gharama ya lori ipo, ya kuleta na ya kurudisha, nayo haihesabiwi katika bei ya saa. Wakulima wenye malambo jirani hufanya vema kuikodi mashine pamoja, katika miezi mikavu ya Januari na Februari, ikatoka lambo moja kwenda jingine kwa minyororo yake yenyewe, na lori likalipwa mara moja tu.