Kumfunza Mbwa Utii Wakati wa Chakula

Kabla sijasema neno jingine, sikilizeni mlio huu.

(Unasikika mlio wa mwiko ukikwangua sufuria.)

Kwenu ninyi mlio huu hauna maana kubwa. Ni mama yuko jikoni, anamalizia kupakua. Lakini kama yuko mbwa karibu na redio yenu, mtazameni sasa. Huenda amekwisha inua masikio, amesimama, naye anatazama mlango wa jiko. Hakuna mtu aliyemfundisha, wala hakuna aliyemchapa. Amejifunza mwenyewe, kwa sababu kila siku mlio huo hufuatwa na chakula.

Basi hilo ndilo somo letu la leo. Mbwa hujifunza jambo kila anapolishwa, hata kama sisi hatukukusudia kumfunza. Tukimtupia chakula huku anaruka na kubweka, tumemfunza kwamba kuruka na kubweka huleta chakula. Ikiwa ni lazima ajifunze jambo, ni afadhali jambo hilo tulichague sisi.

Pengine bwana mmoja atasema, "Mbwa wangu kazi yake ni kulinda usiku. Ya nini kumsomesha?" Swali hilo ni la haki, na jibu lake ni jambo la uhai na kifo.

Wengi wenu mwaujua ugonjwa wa kichaa cha mbwa. Ugonjwa huu huletwa na virusi vinavyokaa katika mate ya mnyama mgonjwa. Vikiingia mwilini mwa mtu kwa jeraha la meno, husafiri katika mishipa ya fahamu mpaka kwenye ubongo, na dalili zikisha onekana ni nadra sana mtu kupona. Katika kila watu 100 wanaoupata ugonjwa huu ulimwenguni, karibu 99 huupata kwa mbwa, na watoto ndio walio katika hatari zaidi. Lakini iko dawa ya kuuzuia. Ikiwa mbwa 70 katika kila 100 wamechanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kuenea. Kisiwani Pemba, kwa kuchanja mbwa, ugonjwa ulikomeshwa mwaka 2014. Ukarudi mwaka 2016, watu wakarudia kazi ya kuchanja, na mwaka 2018 ukakomeshwa tena.

Lakini chanjo haimfikii mbwa kwa redio. Lazima mbwa ashikwe. Bwana mifugo hufika kijijini na kisanduku chake cha barafu, watu wakakusanyika, na sindano yenyewe ni ya muda mfupi tu. Kazi kubwa ni kumpata mbwa. Miongoni mwa mbwa wanaobaki bila kuchanjwa wamo wengi ambao wenyewe wangependa sana wachanjwe. Bwana anaita, mbwa anakimbilia vichakani. Bwana anamkamata kwa nguvu, mbwa anamwuma mkono. Ndiyo maana nasema kwamba mbwa anayekuja akiitwa, anayekaa akiambiwa, na anayekubali kushikwa shingoni, ni kinga ya watoto wa nyumba na ya jirani pia. Na utii huo waweza kupatikana kwa dakika chache kila siku, wakati ule ule mnapompa chakula.

Mambo haya wataalamu wameyachunguza tangu zamani. Katika nchi ya Urusi, Ivan Pavlov, aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa uchunguzi wake juu ya chakula kinavyosagwa tumboni, aliona kwamba mbwa wake walitokwa na mate hata kabla ya kuonja cho chote, mradi wamesikia au kuona jambo ambalo hutangulia chakula siku zote. Huo ndio mwiko wetu na sufuria. Naye Edward Thorndike wa Marekani, katika maandishi yake ya mwaka 1898, alieleza upande wa pili: mnyama akifanya tendo fulani, na mara likamletea faida, hulirudia, lisipomletea faida, huliacha kidogo kidogo.

Wala hatuna haja ya kwenda mbali kuona ukweli wa maneno haya. Huko Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, shirika liitwalo APOPO huwafunza panya buku kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini, na kunusa kifua kikuu katika makohozi. Mwalimu wa panya hana fimbo. Anacho kidude kinacholia "ta!", na chakula kidogo kama vile ndizi. Panya akitenda sawasawa, husikia mlio na hupata chakula. Mmoja wao, jina lake Magawa, alizaliwa Tanzania, akaenda kutafuta mabomu katika nchi ya Kambodia, na mwaka 2020 akapewa nishani ya dhahabu na shirika moja la Uingereza linalotunza wanyama. Ikiwa panya aweza kusoma kwa ndizi, mbwa atashindwaje kusoma kwa ugali?

Sasa tuanze kazi. Chukueni daftari zenu. Kwa ajili ya mfano wetu, mbwa tumwite Simba.

Jambo la kwanza ni saa na mahali. Simba apewe chakula mara mbili kwa siku, saa zile zile, mahali pale pale, katika bakuli lake mwenyewe. Mtoto wa mbwa apewe mara tatu au nne, kidogo kidogo. Chakula asichokimaliza kwa muda wa dakika 20 kiondolewe. Mbwa ambaye chakula chake kinakaa wazi mchana kutwa hana sababu ya kumtazama mtu. Lakini nieleweni vizuri: sikusema ashindishwe njaa. Mbwa mwenye njaa kali hafunziki. Hufikiri tumbo lake tu, na huenda akauma. Apewe chakula chake chote cha haki. Mwalimu atoe humo humo vitonge kumi, kila kimoja kama punje ya harage, avitumie kufundishia. Hakuna cha kununua.

Jambo la pili ni macho. Simama na bakuli mkononi, ulishike juu karibu na kifua. Simba ataruka, atazunguka, atabweka. Nyamaza. Akitulia, mwite jina lake mara moja tu. Akikutazama usoni, sema "Vema!" papo hapo, na umpe kitonge kimoja. Neno hilo "Vema" ni kama kile kidude cha Morogoro; lazima lisemwe wakati ule ule wa tendo jema, si baadaye. Ukichelewa, mbwa hajui umemsifu kwa jambo gani. Fanya hivyo mara tano, kisha mpe chakula chake. Baada ya siku tatu au nne Simba atafahamu kwamba njia ya kulifikia bakuli hupitia katika uso wa bwana wake.

Jambo la tatu ni kukaa. Shika kitonge mbele ya pua yake, kisha kipandishe polepole juu ya kichwa chake kuelekea nyuma. Mbwa akikifuata kwa macho, kichwa huinuka na matako hushuka chini yenyewe. Yakigusa ardhi, sema "Vema!" na umpe. Usimsukume kwa mkono. Akisha zoea tendo hilo, ndipo utangulize neno: "Kaa!" Watu wote wa nyumba watumie neno hilo hilo moja. Baba akisema "Kaa", mama akisema "Keti", na mtoto akisema "Tulia", mbwa hatajua amsikilize nani.

Jambo la nne ni kungoja, na hili ndilo kiini cha somo lote. Simba amekaa. Sema "Ngoja!" na uanze kulishusha bakuli. Akiinuka, nawe inua bakuli. Usigombe, usipige kelele. Akikaa tena, lishushe tena. Bakuli lenyewe ndilo litakalomfundisha: nikikaa linakuja, nikiinuka linaondoka. Siku ya kwanza huenda ukalipandisha mara kumi, usikate tamaa. Bakuli likifika chini naye angali amekaa, hesabu moja, kisha sema "Haya!" na umwache ale. Kesho hesabu mbili. Ongeza polepole mpaka ufike kumi. Akishindwa, rudi nyuma hatua moja. Haba na haba hujaza kibaba.

Jambo la tano ni kuja akiitwa. Chakula kikiwa tayari, mtu mmoja amshike Simba upande mmoja wa uwanja, na mwenye bakuli asimame upande wa pili. Aite, "Simba, njoo!" Akifika, asifiwe na alishwe. Kesho mwenye bakuli asimame mbali zaidi, au nyuma ya nyumba. Hapa iko sharti moja kubwa: usimwite mbwa kisha ukampiga, hata kama amekula kuku. Ukimpiga amekwisha kuja, hajui kwamba anapigwa kwa ajili ya kuku. Anajua amepigwa kwa sababu amekuja. Siku ya chanjo utamwita, naye hatakuja.

Jambo la sita ni kushikwa. Kila siku kabla ya kuweka bakuli, mguse Simba shingoni na umpe kitonge. Kesho mshike shingoni kwa muda wa kuhesabu tatu, umpe kitonge. Kisha mvishe kamba shingoni, umpe. Kisha mguse mabegani na mapajani, na umfinye ngozi kidogo sana, kama mtu anayetaka kumpiga sindano, umpe. Kisha rafiki yenu mmoja, ambaye Simba anamjua, afanye hivyo hivyo huku wewe umemshika. Siku bwana mifugo atakapofika, mambo yote hayo Simba atakuwa amekwisha yazoea.

Wenzetu wengine, hasa Waislamu, hawapendi kuguswa na mate ya mbwa. Somo hili haliwazuii. Kitonge chaweza kudondoshwa chini mbele ya mbwa badala ya kumlisha kwa mkono, na kazi ya kumgusa yaweza kufanywa na mtu mwingine wa nyumbani.

Sasa nataka kuwaonya juu ya mambo matatu.

Kwanza, mbwa akisha ambiwa "Haya!", chakula ni chake. Asinyang'anywe, wala mkono usitiwe ndani ya bakuli ili kumwonyesha nani mkubwa. Mtu afanyaye hivyo humfunza mbwa kwamba wanadamu ni wezi, na mbwa atajifunza kulinda bakuli kwa meno. Kama mwataka azoee watu kupita karibu yake anapokula, mtu mzima apite kwa mbali, amtupie kipande cha kitu kitamu zaidi, kama dagaa au nyama, kisha aende zake.

Pili, watoto wadogo wasikaribie mbwa anapokula, hata mbwa mpole. Mtoto aweza kusaidia kumfundisha kukaa na kungoja, mradi mtu mzima amesimama hapo. Na kama mbwa wenu amekwisha kuwa na tabia ya kunguruma au kuuma kwa ajili ya chakula, msijaribu mambo haya peke yenu. Mlisheni mahali pa peke yake, na mtake shauri kwa bwana mifugo.

Tatu, mbwa mtii bila chanjo si salama. Na mtu akiumwa na mbwa ye yote, au akikwaruzwa, jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka kwa muda wa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile. Asingoje kuona kama mbwa atakufa, wala kama jeraha litapona.

Kwa kumaliza, nawaombeni mkumbuke jambo moja. Mbwa hulishwa asubuhi na jioni, yaani mara 14 kwa juma, na zaidi ya mara 700 kwa mwaka. Kwa hiyo bakuli la mbwa ni darasa ambalo limekwisha kufunguliwa. Lililobaki ni mwalimu kufika kwa saa, kusema neno lile lile, na kuwa na subira.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi:

1. Katika nyumba zenu, mbwa hupewa chakula saa ngapi na namna gani? Je, mnadhani sasa amejifunza nini kwa desturi hiyo?

2. Kwa nini si vizuri kumpiga mbwa aliyekuja akiitwa?

3. Katika kijiji chenu kuna mbwa wangapi? Ni wangapi waliochanjwa mwaka huu, na ni wangapi wanaoweza kushikwa na wenyewe?

4. Chagueni maneno ya amri yatakayotumiwa na watu wote wa nyumba, myaandike, na myabandike jikoni.

Kazi ya juma hili: kila mwenye mbwa afanye jambo la kwanza na la pili tu, kwa siku saba, na aandike katika daftari siku ambayo mbwa alimtazama usoni bila kuitwa. Tutakapokutana juma lijalo, tutazungumza juu ya mbwa wa kuchunga mbuzi na kondoo.