Injini Ikigoma Majini

Kwenye fuo za Ziwa Victoria za Dunga, Usenge na Mbita, injini ya boti hailali majini. Samaki wakishateremshwa, vijana huifungua, mmoja akaitia begani na kuipeleka stoo, maana wezi wa ziwani huitafuta kuliko kitu kingine chochote botini. Hata mapato hugawanywa kwa kuizingatia: petroli hukatwa kwanza, ndipo mwenye chombo na mabaharia wake wapate mafungu yao. Kwa hiyo siku inapogoma ni riziki ya boti nzima iliyokwama, na kuiwasha kuna adabu yake.

Kijana ndiye anayevuta kamba. Mzee huketi karibu, akisikiliza. Kijana akivuta mfululizo kwa hasira ataambiwa, “Omera, acha kwanza, unaizidishia petroli.” Hujibu, “Sawa, jaduong’,” yaani mzee, na kuiachia. Kisha maswali hufuatana. Kikamba cha usalama kimo kwenye swichi? Tundu la hewa kwenye kifuniko cha tangi limefunguliwa? Tangi lisilopumua halitoi petroli. Lile puto la mpira likibinywa linakuwa gumu? Likibaki laini, petroli haipandi, au mpira unaingiza hewa.

Ushahidi wenyewe uko kwenye plagi. Hufunguliwa taratibu, mkono wa pili ukiwa umekingwa chini yake, kwani ikidondoka majini haipatikani tena. Ikitoka kavu, petroli haijafika. Ikiwa imelowa na inanuka, petroli imefika lakini cheche hakuna, au petroli imezidi. Ikiwa nyeusi yenye utelezi, aliyechanganya oili na petroli alikisia. Hufutwa kwa upindo wa shati, hukwanguliwa masizi, hupulizwa, hurudishwa. Mara nyingi kazi huishia hapo. Isipowaka, petroli kidogo humiminwa kwenye chupa nyeupe: kama ina maji, yatajitenga na kutulia chini. Nimewaona mafundi wenye vyeti wakiruka hatua hizi na kukimbilia kabureta. Wavuvi hawakimbilii.

Karibu na Kisumu kuna adha nyingine. Gugu maji, lililotanda Ghuba ya Winam miaka ya 1990 na halijaondoka, hujisokota kwenye propela na kuziba matundu yanayovuta maji ya kupoza injini. Nahodha anayeijua kazi yake hugeuka kila mara kutazama mchirizi wa maji unaotoka nyuma ya injini. Ukikatika, huzima mwenyewe, akaiinua injini na kunyofoa mizizi kwa mikono.

Ikishindikana kabisa, shati hupungwa mchana, tochi usiku, na anayepita hutupa kamba. Bei haitajwi majini. Ufuoni hurudishiwa petroli yake au hupewa samaki.

Kinachonitia hofu ni makasia. Wajaluo walikata mawimbi ya Nam Lolwe, kama wanavyoliita ziwa hili, kwa makasia na tanga miaka mingi kabla ya injini, lakini siku hizi boti nyingine huondoka na kasia moja la kusukumia ufuoni tu, na upepo wa usiku, unaotoka nchi kavu, huipeleka boti iliyozima mbali zaidi. Kamati za fuo, yaani BMU, zilizowekewa kanuni mwaka 2007, tayari husajili boti na wavuvi. Ziongeze jambo moja: jioni, kabla chombo cha kuvulia omena (dagaa) hakijasukumwa majini, nahodha aonyeshe makasia mawili, plagi ya akiba na spana yake.