Kwa nini katuni huwauma wakubwa?

Uko Soweto, Mbeya, unasubiri bajaji, mara katuni ya Kipanya inaingia kwenye grupu la WhatsApp. Unacheka, unawatumia wengine. Habari ya aya kumi ungeiruka.

Nguvu yake iko hapo. Masoud Kipanya anakaweka kapanya pembeni ya picha, kakisema lile ambalo watu wazima hawalisemi. Jina halitajwi, ila kila mtu anamjua anayesemwa. Ni fumbo kama la kanga tu, hili limechorwa.

Kicheko hicho kina gharama. Januari 2015, Mtanzania Godfrey Mwampembwa, yaani Gado, alimchora Rais Kikwete kwenye The EastAfrican la Nairobi. Mwezi huohuo Tanzania ililizuia gazeti hilo, ikisema halijasajiliwa. Mwaka 2016 mkataba wa Gado na kampuni ya Nation haukuendelezwa.

Asia nako ni hivyohivyo. Zunar wa Malaysia, aliyezoea kumchora Waziri Mkuu Najib Razak na mkewe, alishtakiwa 2015 kwa makosa 9 ya uchochezi, tena kwa alichoandika Twitter. Alifutiwa 2018, Najib akiwa ameshaangushwa kwenye uchaguzi.